Bahasha Iliyochorwa na Kuku wa Mnada

Miongoni mwa maswali ambayo ofisi yetu hupokea kutoka kwa kamati za parokia, lipo moja linalorudi mara kwa mara, na katika toleo hili tumeona tulijibu kwa kirefu. Marafiki wa parokia walioko Ulaya huandika kwamba wanakusudia kufanya maonyesho ya bahasha zilizochorwa na wachoraji wa vitabu, bahasha hizo ziuzwe, na fedha zije kusaidia maktaba ya shule au zahanati. Wanakamati wanaisoma barua hiyo mara mbili. Bahasha? Ile ya kutilia barua? Nani atatoa fedha ya maana kwa ajili ya bahasha, tena iliyokwisha kutumika, yenye stempu iliyogongwa muhuri?

Swali hilo ni la haki. Kwa upande mwingine, wafadhili nao hutuuliza kama jambo hili lina faida ya kweli kwa walengwa au ni burudani ya watu wenye nafasi. Tumejaribu kueleza hapa desturi hii ilitoka wapi, kazi yenyewe inafanyikaje, fedha hupatikana kwa njia gani, na ni mambo yapi yanapaswa kukubaliwa kabla mchoraji yeyote hajashika brashi. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, na ndilo linalosahauliwa upesi.

MNADA TUNAOUJUA

Tuanze nyumbani. Parokia na sharika nyingi za Tanzania zinaujua mnada wa baada ya ibada. Waumini wameleta kuku, mkungu wa ndizi, mayai, boga. Vitu vinapangwa nje ya kanisa na mzee mwenye sauti anaanza kunadi. Kuku ananunuliwa kwa mara mbili au tatu ya bei ya sokoni, na aliyemnunua anamrudisha mezani ili anadiwe tena. Kuku yule yule huweza kuuzwa mara tatu kabla ya kufika kwenye sufuria. Hakuna anayedhani kwamba mnunuzi amepunjwa. Wote wanaelewa kwamba ndani ya fedha aliyotoa kuna sehemu mbili: bei ya kuku, na juu yake sadaka. Kuku amempa mtu nafasi ya kutoa kwa furaha mbele ya wenzake, na watu wakacheka pamoja.

Bahasha iliyochorwa inafanya kazi hiyo hiyo katika ukumbi wa Leeds au Cologne. Karatasi yenyewe ni ya senti chache. Mchoraji ameongeza saa zake na ufundi wake, posta imeongeza muhuri na safari, na mnunuzi anaongeza mchango wake. Tofauti ni kwamba kuku huliwa siku hiyo hiyo, ilhali bahasha ya mchoraji mwenye jina huenda ikapanda bei baada ya miaka kumi. Kwa hiyo wapo wanaonunua kwa moyo, na wapo wanaonunua kwa hesabu. Fedha za wote wawili zinajenga rafu ile ile ya vitabu, na hatuoni sababu ya kuwapekua.

ILIKOTOKA

Watu wengi hudhani bahasha ni ya zamani kama barua. Sivyo. Nchini Uingereza kabla ya mwaka 1840, kwa kawaida aliyelipia barua ni mpokeaji, na malipo yalitegemea umbali pamoja na idadi ya karatasi. Bahasha ilihesabiwa kuwa karatasi ya pili, hivyo kuitumia kulipandisha gharama mara mbili. Watu waliikunja barua yenyewe, wakaibana kwa lakiri, na kuandika anwani kwa nje. Maskini mara nyingi walizikataa barua mlangoni kwa kukosa fedha, au walipatana mapema na ndugu zao juu ya alama za siri za nje ya barua, wakaitazama, wakaelewa, kisha wakamrudishia tarishi bila kulipa.

Mtu aliyesukuma mabadiliko alikuwa Rowland Hill, aliyekuwa mwalimu. Tarehe 10 Januari 1840 ilianza kutumika bei moja ya peni moja kwa barua ya hadi nusu aunsi, kwenda popote nchini. Kwa kuwa sasa kilichopimwa ni uzito, si idadi ya karatasi, bahasha ikapata uhai. Mwezi Mei mwaka huo zikatoka stempu ya kwanza ya kubandika na, pamoja nayo, bahasha rasmi yenye picha. Aliyeichora ni William Mulready, msanii wa Royal Academy. Alimchora Britannia akiwatuma wajumbe wenye mabawa kwenda pande zote za dunia, huku na huko kukiwa na tembo, ngamia na meli.

Umma ukaicheka. Katika siku chache tu wachoraji wa vikatuni, akiwemo John Leech ambaye baadaye alipata sifa katika gazeti la Punch, walitoa bahasha zao za kuikejeli ile ya serikali. Hill alikiri mapema kwamba ingebidi kutafuta kitu kingine badala yake. Bahasha ya Mulready ikaondolewa, na akiba kubwa iliyobaki ikaharibiwa. Tunalitaja hili kwa sababu linaonyesha kwamba tangu mwaka wake wa kwanza bahasha yenye picha ilikuwa mahali pa wachoraji kusema jambo, na kwamba wachoraji hawakuwa wapole hata kidogo.

Baada ya hapo wenye ajenda za wema waliishika haraka. Katika miaka ya 1840 na 1850 zilichapwa bahasha za kupinga utumwa, za kupinga ulevi na za kutetea amani. Anayetuvutia zaidi ni Elihu Burritt, mhunzi wa Connecticut, Marekani, aliyejifundisha lugha nyingi na kufanya kazi ya amani kwa msukumo wa imani yake ya Kikristo. Burritt aliona kwamba maskini aliyehamia ng'ambo ya bahari hakumudu kumwandikia mama yake, kwa kuwa nauli ya barua ya baharini ilikuwa kubwa mno. Akaanzisha kampeni ya kutaka barua ivuke bahari kwa peni moja, na kampeni ikasafiri juu ya bahasha zilizochorwa. Kila aliyetuma barua alitembeza ombi hilo kutoka mkono hadi mkono: karani, tarishi, mtumishi wa nyumba, mwenye nyumba. Kamati yoyote iliyowahi kubandika tangazo la harambee kwenye mlango wa kanisa itaelewa ujanja huo.

Wachoraji wa vitabu nao walikuwa na mazoea yao ya faragha. Edward Gorey, Mmarekani aliyefariki mwaka 2000, alipokuwa akiandaa vitabu vya watoto pamoja na mwandishi Peter Neumeyer mwishoni mwa miaka ya 1960, alimtumia barua ambazo bahasha zake zilikuwa kazi kamili za sanaa. Barua hizo zilitoka kitabuni mwaka 2011. Gorey hakuwa akimchorea mnunuzi yeyote. Alimchorea rafiki, na tarishi akaona bure.

Hapo ndipo penye mzizi wa ugumu tunaotaka kuueleza. Kuanzia miaka ya 1950 msanii Ray Johnson wa New York alituma kwa posta vipande vya sanaa kwa mamia ya watu, akiwaomba waongeze kitu na kukipeleka kwa mwingine. Mwaka 1970 jumba la makumbusho la Whitney mjini New York lilifanya maonyesho ya vitu vilivyotumwa na mtandao wake. Kutoka hapo ikakua desturi ya kimataifa inayoitwa sanaa ya posta, yenye kanuni ambazo wengi walizikubali bila katiba: hakuna ada ya kushiriki, hakuna waamuzi wa kukataa kazi ya mtu, kazi hairudishwi, na kila aliyeshiriki hutumiwa orodha ya wenzake. Na zaidi ya hayo, wengi walishikilia kwamba sanaa ya posta na fedha havikai chungu kimoja. Kilichotumwa ni zawadi, nacho hakiuzwi.

Sasa anakuja mtu mwema mwenye shule isiyo na vitabu, anakusanya bahasha mia moja, anaziwekea bei. Je, amevunja kanuni? Wapo wasanii wa posta wanaosema ndiyo. Maoni yetu ni kwamba hajavunja kitu, ikiwa mchoraji alijua tangu mwanzo kwamba kazi itauzwa, na kwa ajili ya nini. Akiwa hakujua, basi zawadi yake imechukuliwa na kufanywa kitu kingine, hata kama fedha imekwenda kwa yatima.

WALIOTANGULIA

Mwaka 1949, wakati Ulaya ikijikongoja kutoka vitani, Jitka Samková, msichana wa miaka saba kutoka Czechoslovakia, alichora picha ya kuishukuru UNICEF kwa msaada uliofika kijijini kwao. Aliichora juu ya kioo, kwa kuwa karatasi haikupatikana. Picha hiyo ndiyo iliyogeuzwa kuwa kadi ya kwanza ya UNICEF, na kadi za salamu zikawa kwa miongo mingi mojawapo ya njia zake za kupata fedha kutoka kwa watu wa kawaida.

Tangu mwaka 1994 chuo cha Royal College of Art cha London kiliendesha maonyesho yaliyopata umaarufu kwa jina la RCA Secret. Wasanii walichora kwenye kadi za ukubwa wa posta na kuweka saini nyuma tu. Kadi zote ziliuzwa kwa bei moja, na mnunuzi hakujua amenunua kazi ya nani mpaka alipokwisha lipa na kuigeuza. Huenda ni ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, huenda ni ya msanii ambaye michoro yake huuzwa kwa maelfu ya pauni. Watu walilala nje kwenye foleni. Fedha ilikwenda kwenye mfuko wa kusaidia wanafunzi wa sanaa.

Nchini Norway, kuanzia mwaka 2010, msanii David Sandum aliwaomba wasanii wa nchi mbalimbali wamtumie kadi walizochora wenyewe, ziuzwe ili maktaba ya mji wa Moss inunue vitabu vya watoto. Mwito ulipitia Twitter, na maonyesho yakaitwa Twitter Art Exhibit. Baadaye yalifanyika katika miji mingine kwa ajili ya mashirika mengine ya huruma. Uingereza, tangu mwaka 2014, mradi wa Art on a Postcard umekuwa ukikusanya fedha kwa ajili ya taasisi ya Hepatitis C Trust kwa njia inayofanana na hiyo.

Katika hayo yote, siri ya RCA inatufaa kuliko mengine. Bei moja kwa wote huondoa aibu ya mchoraji asiye na jina kuona kazi yake ikibaki ukutani na tiketi ya bei ya chini, na humpa mnunuzi mwenye fedha kidogo nafasi sawa na tajiri. Mnada wa kupandisha bei huleta fedha zaidi kwa kazi chache, lakini huwaacha wengine wamenyong'onyea. Kamati za marafiki zinapotuuliza, tunapendekeza bei moja, na labda bahasha tano au sita za kunadi mwishoni.

KAZI YENYEWE

Mchoraji anayepewa bahasha anapewa shida kadhaa kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu wengi huipenda. Nafasi ni ndogo: bahasha inayochukua karatasi ya A4 iliyokunjwa mara mbili ina milimita 114 kwa 162. Pembe ya juu kulia ni ya stempu. Anwani lazima isomeke. Karatasi ina mikunjo na gundi nyuma, kwa hiyo penseli hukwama kwenye ukingo wa tabaka la chini na rangi ya maji hujikusanya hapo. Na kazi ikishamalizika, inatupwa ndani ya sanduku na kupitia mikononi mwa watu wasioijua.

Mchoraji hodari huufanya ulazima kuwa sehemu ya picha. Stempu inakuwa dirisha la nyumba, au mzigo kichwani mwa mama anayetoka sokoni. Mistari ya anwani inakuwa nyaya za umeme na ndege wametua juu yake. Kisha karani wa posta anagonga muhuri wake popote anapotaka, na picha inapata mshirika ambaye hakualikwa. Wanunuzi wengi hutafuta hasa bahasha ambazo muhuri umeangukia pabaya, kwa sababu hazina pacha popote duniani.

Kuhusu vifaa, yapo mambo ambayo kamati za waandaaji zinapaswa kuwaeleza washiriki. Wino uwe usiochuruzika ukilowa, kwa maana mvua haiulizi. Kalamu za nta huacha alama kwenye bahasha za jirani. Vipande vya kitambaa, mchanga na shanga vilivyobandikwa hukwama kwenye mashine za kuchambulia barua. Kazi kama hiyo itiwe ndani ya bahasha nyingine, ingawa itakosa muhuri, au ipelekwe dirishani na kuombwa igongwe kwa mkono. Kipimo cha kimataifa cha barua ndogo ya kawaida ni unene usiozidi milimita 5. Ukipita hapo, nauli inapanda. Kwa wachoraji wetu wa mtindo wa Tingatinga tuna neno la pekee: rangi za mafuta zinazong'aa juu ya ubao hazifai juu ya bahasha. Mafuta hupenya karatasi na kuacha duara la manjano, na rangi hupasuka bahasha ikikunjika. John Kilaka, aliyejifunza mtindo huo na kuupeleka kwenye vitabu vya watoto, ni mfano kwamba wanyama wale na rangi zile zinaweza kuishi vizuri kabisa kwenye karatasi.

Bahasha ya kaki inapendeza kwa rangi yake, lakini karatasi yake ina asidi. Ikiachwa juani hugeuka kuwa nyeusi na kukatika. Wakati wa maonyesho isibandikwe kwa gundi wala seloteipu. Inashikwa kwa pembe za karatasi, au inawekwa kati ya vioo viwili ili watu waone pande zote, maana nyuma pana jina la mtumaji na mara nyingi mzaha mdogo.

Jambo jingine halihusu sanaa bali usalama. Bahasha iliyopita posta inabeba anwani, na maonyesho huiweka anwani hiyo mbele ya macho ya wageni. Kwa hiyo kazi zote zitumwe kwa sanduku la posta la shirika au la parokia, zisitumwe nyumbani kwa mtu. Kwa sisi ambao barua zetu zimezoea kukaa kwenye sanduku la parokia mpaka katibu apitie mjini na ufunguo, hili si geni. Watoto wa shule wakishirikishwa, wazazi waridhie, na jina la kwanza linatosha.

YA KUKUBALIANA MAPEMA

Kwanza, gharama ni za nani? Mara nyingi tunasikia kwamba wasanii "wamejitolea," kana kwamba muda wa mchoraji hauna chakula ndani yake. Fundi seremala akiombwa madawati ya bure kila Jumapili atafunga karakana. Mchoraji wa vitabu huishi kwa malipo ya picha, na wengi huombwa kazi ya hisani mara kwa mara kuliko wanavyoombwa kazi ya kulipwa. Mwaka 1956 Erich Stegmann, msanii aliyepooza mikono kwa polio, alianzisha chama cha wasanii wanaochora kwa mdomo au mguu, na tangu mwanzo chama hicho kimesisitiza kwamba wanachama wake wanauza kazi, hawaombi msaada. Tunawaheshimu kwa hilo. Kwa maonyesho ya bahasha, heshima ndogo kabisa ni kumpa mchoraji bahasha na stempu, kumruhusu akatae bila kuelezea, na kumwambia baadaye kazi yake iliuzwa kwa kiasi gani na fedha ilifanya nini. Kwa mchoraji wa hapa nyumbani ambaye hana mshahara mwingine, sisi tunapendekeza alipwe sehemu ya mauzo iliyotangazwa wazi ukutani. Wafadhili wachache wamelishangaa pendekezo hili, na tungali tunalishikilia.

Pili, haki. Anayenunua bahasha ananunua karatasi. Hanunui haki ya kuichapa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, na mkataba wa kimataifa wa Berne wa mwaka 1886 zote zinamlinda mchoraji. Kamati ikitaka kutengeneza kalenda au fulana kwa kutumia picha zile, iombe ruhusa kwa maandishi. Ni afadhali kuiomba siku ya mwaliko kuliko kuitafuta baada ya kalenda mia tano kuchapwa.

Tatu, na hapa tunaziomba kamati za parokia zisikae kimya: picha inasema nini juu yetu? Mchoraji wa mbali akiambiwa "ni kwa ajili ya shule ya Afrika," mara nyingine mkono wake humwendea mtoto mwembamba mwenye bakuli tupu. Hana nia mbaya. Ndiyo picha aliyoizoea kwenye mabango. Kanuni za Maadili za Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu pamoja na mashirika ya misaada, za mwaka 1994, zinataka walioathirika na maafa waonyeshwe kuwa watu wenye heshima, wala si vitu visivyo na tumaini. Mashirika ya Ulaya yaliyo chini ya CONCORD yalikubaliana mwaka 2006 juu ya kanuni zao za picha na ujumbe, kwa nia hiyo hiyo. Bahasha ni ndogo, lakini itatundikwa sebuleni mwa mtu kwa miaka ishirini, na wageni wake wataitazama kila siku. Parokia itakayofaidika ipewe nafasi ya kuwaandikia wachoraji ukurasa mmoja: shule ikoje, watoto wanacheza nini, mti gani uko uwanjani, mwalimu mkuu anakuja kwa baiskeli ya rangi gani. Mchoraji mzuri atashukuru, maana hana haja ya kubuni. Na parokia ikiona picha inayowadhalilisha watoto wake, iwe na haki ya kusema hiyo isitundikwe, hata kama ingeuzwa kwa bei ya juu kuliko zote.

Nne, hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni: bahasha 50 zimeuzwa kwa pauni 40 kila moja, jumla pauni 2,000. Ukumbi na vioo pauni 350, uchapaji wa orodha 150, kuwapelekea wanunuzi kazi zao 100, benki 40. Zinabaki pauni 1,360. Tangazo lililosema "fedha yote itakwenda shuleni" limekuwa uongo, ingawa hakuna aliyeiba hata peni. Liseme "baki baada ya gharama," au mfadhili mmoja abebe gharama ili yote iende kweli. Na kama imetangazwa kuwa ni ya vitabu, haiwezi kuhamishiwa kwenye paa la nyumba ya mapadri, hata paa livuje namna gani, mpaka waliotoa waulizwe.

Wafadhili wetu walioko Uingereza wakumbuke pia kwamba mpango wa Gift Aid, ulioanza mwaka 1990, ni kwa ajili ya michango ya hiari. Kununua kitu kwa thamani yake hakuhesabiwi kuwa mchango. Kwenye mnada wa hisani ni ile ziada juu ya thamani inayoweza kuhesabiwa, tena kwa masharti. Wakaguzi wa kodi, kumbe, nao wanajua kumtenganisha kuku na sadaka.

POSTA YA SASA

Kuna anayeuliza kama haya yote hayajapitwa na wakati. Barua zimepungua kila mahali. Nchini Denmark shirika la posta la PostNord liliacha kupeleka barua mwishoni mwa mwaka 2025, na kazi hiyo ikabaki kwa kampuni nyingine. Kwetu pia, kijana wa kidato cha pili huenda hajawahi kulamba stempu. Tunadhani upungufu huo ndio unaoipandishia bahasha thamani: kitu kilichoandikwa kwa mkono, kikabebwa na watu, kikafika. Ila waandaaji wapange muda kwa uangalifu. Kati ya Ulaya na parokia ya mbali waache miezi miwili kwa kila upande, na wasifunge orodha ya washiriki kwa sababu tu bahasha moja imechelewa mahali fulani kati ya uwanja wa ndege na sanduku la posta.

Parokia zinazotaka kujibu kwa namna hiyo hiyo zinaweza kuwapa watoto bahasha za kawaida wachore shule yao, wabandike stempu, na kuwatumia wanunuzi barua ya shukrani pamoja na nakala ya stakabadhi ya vitabu. Zisiwekewe bei.

Zimebaki zile ambazo hazikuuzwa. Kila maonyesho yatakuwa nazo, na huwa zinaishia ndani ya boksi chini ya meza ya ofisi. Siku ya mwaliko mchoraji aulizwe achague: arudishiwe, iwekwe kwa maonyesho yajayo, au ipelekwe shuleni ikatundikwe maktaba. Jibu lake liandikwe kwa penseli nyuma ya bahasha, pembeni, pasipogusa picha.